Vipande Vibaya vya Ndege ya Mlali

Siku ya kuniaga, wakaguzi wenzangu, mlinipa doti mbili za khanga, saa ya ukutani na hotuba ndefu. Hotuba ilisema mimi ni hazina. Hazina! Miaka yote niliyokuwa naomba jiliwa jipya la kubania mbao karakana, mbona sikuwa hazina? Baada ya soda mmoja wenu akaninong'oneza, "Mama Perisi, tuandikie hata kurasa chache, tujifunze." Haya, naandika. Ila nani alipandishwa cheo lini na nani alihamishwa kwa nini, hayo sitayagusa. Mnayajua kuliko mimi, maana mnayazungumza tangu chai ya asubuhi. Mimi nitaandika mbao, gundi na vyuma, na jinsi ya kuchagua kitu kitakachombeba mtu hewani. Nitaandika nikiwa na hasira. Vidonge vya presha nimeshameza, kwa hiyo msinihofie.

Niliingia hanga la ndege la Dodoma nikiwa binti wa Makole, nimetoka chuo cha ufundi na cheti mkononi. Siku ya kwanza nilivaa ovaroli niliyoipiga pasi mpaka ikasimama yenyewe. Mkuu wa zamu akaniangalia juu mpaka chini, akanikabidhi birika. "Chai ya watu saba," akasema, "na sukari usizidishe." Nikapika. Siku ya pili nikapika. Siku ya tatu nikapika huku nalia, na ndipo mtu mmoja mfupi mwenye unga wa mbao kwenye nyusi akaja akaninyang'anya lile birika. "Mbukwa," akanisalimia kwa Kigogo, kisha akamgeukia mkuu wa zamu. "Huyu nimemchukua. Chai mtapikiana wenyewe."

Huyo alikuwa Fundi Rati, Mhindi mzaliwa wa hapa hapa. Baba yake aliuza mbao mjini, na Kigogo chake kilikuwa safi kuliko changu mimi niliyekulia mtaani. Kazi yake ilikuwa kutengeneza ndege ndogo za mbao na kitambaa, zile za viti viwili zilizokuwa zikiwapeleka madaktari vijijini. Bawa la ndege ya namna ile lina boriti ndefu ndani yake, imetengenezwa kwa mbao nyembamba zilizobandikwa pamoja kwa gundi, na boriti hiyo ndiyo inayobeba uzito wote. Ikiachia, habari imekwisha. Gari likikuharibikia utashuka usukume. Hewani utashukia wapi?

Akaniwekea mbao tatu mezani. "Chagua ya bawa." Nikachagua mninga, maana ulikuwa mwekundu, unang'aa, hauna doa. Alicheka mpaka akatafuta kiti. "Hii ni ya kitanda cha bibi harusi," akasema. "Ukiiweka kwenye ndege hamtoki chini, wewe na kitanda chako." Wa pili ulikuwa paini wa Mafinga, mweupe, mwepesi, umenyooka kabisa kwa macho. Akachukua patasi akauchanja nchani, ufa ukakimbilia pembeni. "Uso umenyooka kwa sababu ya msumeno," akasema. "Mti wenyewe ulikuwa umepinda." Wa tatu ulikuwa wa kijivu, una vumbi, umekaa juu ya dari ya duka la baba yake tangu sijui lini. Akauchanja, na ufa ukashuka sawasawa toka juu mpaka chini. Huo ndio uliokwenda kwenye bawa.

Ndiyo maana nakasirika nikisikia kijana na shahada yake anasema mbao ni mbao. Mbao zinazoshuka kutoka nyanda za juu zinafika Dodoma zikiwa na maji tumboni. Upepo wetu unazikausha kwa fujo mpaka zinapinda na kupasuka. Fundi Rati hakugusa ubao ambao haujamaliza viangazi viwili ndani ya nyumba. Mteja akimharakisha alikuwa anamwonyesha mlango, kwa adabu, na chai anampa kwanza.

Lakini somo kubwa lilikuwa la gundi. Kila mara tulipobandika kitu, tulichukua vipande viwili vidogo vya ubao ule ule, tukavibandika kwa gundi ya chungu kile kile, saa ile ile, mahali pale pale. Tuliviita mashahidi. Shahidi aliandikwa namba na kuning'inizwa kwenye msumari. Gundi ikishakauka tulimfunga kwenye jiliwa na kumpiga nyundo. Ubao ukichanika, gundi imeshika kuliko mti wenyewe, endelea na kazi. Vikiachana safi, gundi inang'aa kama kigae, basi kila kilichobandikwa siku ile ni kuni.

Mwezi wangu wa pili nilitengeneza ubavu mmoja wa bawa, ule mfupa mwembamba unaolipa bawa umbo, peke yangu, wiki mbili nzima. Nikampelekea Fundi Rati mashahidi watatu, nimewapiga msasa mpaka wanateleza. Akavunja wote watatu. Wote wakachanika vizuri. Nikaanza kutabasamu. "Na wa nne yuko wapi?" akauliza. Nilidhani hakuona kwamba nilibandika mara nne. Wa nne alikuwa na vumbi na gundi imemwagika ovyo, nikaona aibu, nikamficha chini ya benchi. Akaenda kumtoa mwenyewe. Alipompiga nyundo, vipande vikaachana kwa pigo moja, safi kabisa. Fundi Rati akauchukua ubavu wangu wa wiki mbili akauvunja gotini.

Nililia. Jamani, nililia kwa sauti mbele ya wanaume saba. Akasubiri nimalize, akaniambia maneno haya, na nayaandika hapa kama alivyoyasema: "Usinionyeshe kizuri. Kizuri hakina habari. Nionyeshe kibaya chako kuliko vyote, nikivunje. Kikikataa, nitapanda ndege yako." Na kweli alikuwa anapanda. Ndege ikitoka matengenezo, Fundi Rati alikaa kiti cha pili safari ya kwanza, kofia mkononi. Shikeni maneno hayo, maana mimi niliyeyasikia kwa masikio yangu niliyashika vibaya, na nitawaeleza kilichotokea.

Miaka ikaenda. Fundi Rati akafariki, akaniachia jiliwa lake, ambalo liko nyumbani kwangu mpaka leo. Ndege za mbao zikapungua, nami nikahamishiwa ukaguzi. Huko ndiko nilikokutana na watu wanaojitengenezea ndege nyumbani, na huko ndiko nilikoanza kuugua presha. Mnawacheka watu hawa. Nimewasikia kwenye korido mkiigiza namna wanavyoeleza michoro yao. Magazetini wanasifiwa, kwenye ofisi zenu wanachekwa, na hakuna hata mmoja, anayesifu wala anayecheka, anayewauliza umetumia gundi gani.

Mimi niliwauliza. Mmoja alileta picha za kiwiliwili cha ndege alichounga kwa mabomba ya viti vya sherehe. Bomba lile lina mshono toka mwanzo mpaka mwisho, na mshono ndio unaofunguka. Mwingine alileta aluminiamu ya madirisha, anaigonga kwa kidole kunionyesha inavyolia. Nikaikunja kwa goti mbele yake, na goti langu hili lina baridi yabisi. Mwalimu mmoja wa sekondari, mtu mpole kabisa, alitaka kufunika mbawa kwa turubai la mtaa, lile la msibani. Nikamwambia, "Mwalimu, lirudishe, tutalihitaji."

Na wote, wote bila kubakiza, walitaka ndege inayofanana na ya kivita! Mbawa fupi, pua kali, magurudumu ya kukunja. Kukunja ya nini, na unakwenda Kongwa hapo tu? Hapa kwetu tuko juu, na mchana wa Oktoba hewa inakuwa nyepesi, injini inakohoa na bawa linakosa cha kushika. Ndege inayopaa vizuri Pwani asubuhi, hapa itakimbia mpaka iingie shamba la zabibu la watu. Niliwaambia chagua bawa refu, liweke juu ya kichwa chako, kiwiliwili kiwe chepesi, magurudumu manene yasiyokunjwa maana kiwanja chako ni mchanga na vichuguu. Wengi walinishukuru wakaondoka kwa huzuni. Afadhali huzuni.

Sasa Ramadhani. Ramadhani ni Mrangi wa Kondoa aliyehamia Mlali kufuata alizeti. Anatengeneza mashine za kukamua mafuta, na mashine zake hazivuji. Alikuja ofisini Mtumba na daftari la shule lenye michoro, akavua kofia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, nikusaidie nini?"

"Nataka kutengeneza ndege," akasema, "ila sitaki kufa."

Hilo lilikuwa ombi la kwanza lenye akili kuletwa mezani kwangu tangu ofisi ihamie Mtumba. Nikamvutia kiti.

Tulizungumza mpaka saa za kazi zikaisha. Yeye ni mchomeleaji, alitaka chuma. Nikamuuliza, chuma chembamba cha ndege utakipata wapi, na ukikipata utajuaje kama ndicho? Akakuna kichwa. Nikamwambia, "Ubao una faida moja. Unaweza kuuvunja mwenyewe ukaona." Akauandika mstari huo kwenye daftari. Alitaka viti viwili, ampakie mkewe, Mwanaidi. Nikamkatalia: kiti kimoja, injini ndogo, mzigo mdogo. "Na Mwanaidi?" akauliza. Nikamwambia Mwanaidi atampungia mkono, na kama ana akili atafurahi kubaki chini. Akacheka, akafuta kiti kimoja kwa kifutio. Nikamfundisha kuchanja ubao kuona nyuzi zinakwenda wapi. Nikamfundisha mashahidi: ubao ule ule, chungu kile kile, namba. "Uvitunze vipande," nikamwambia, "nikija nitavivunja."

Vipande nilimwambia avitunze. Sikumwambia nataka vibaya. Nilidhani inaeleweka.

Alifanya kazi karibu miaka minne, jioni na siku za mapumziko. Boriti ya bawa ilipokamilika alileta barua ya kuomba ukaguzi, maana nilimsisitiza kwamba kabla bawa halijafunikwa kitambaa na kupakwa rangi lazima mkaguzi aone ndani. Barua ikaingia ofisini, ikapigwa mhuri, ikalala. Nilipoomba gari niliambiwa halina mafuta. Wiki iliyofuata lilikuwa na mafuta ila dereva yuko likizo. Iliyofuata dereva amerudi, gari liko gereji. Ramadhani alileta barua ya pili, akaleta ya tatu. Kutoka Mtumba mpaka Mlali si safari ya kufunga mizigo, jamani! Nilipigwa danadana mpaka nikaona haya kupokea simu yake.

Halafu ikatangazwa kwamba mgeni rasmi atakwenda Mlali Jumamosi kushuhudia ndege ya Mtanzania ikipaa. Mngeona magari! Matatu kwa siku moja, yameoshwa, matangi yamejaa. Jumatano nikapewa moja, pamoja na maagizo kwamba nirudi na fomu iliyosainiwa.

Nilifika Mlali asubuhi. Ndege ilikuwa imesimama nje ya karakana ya alizeti, na kwa kweli ilikuwa inapendeza: bawa refu limekaa juu, magurudumu manene, kila nilichomwambia amefanya. Na ilikuwa imeshafunikwa na kupakwa rangi nyeupe pe, na chini ya bawa imeandikwa kwa herufi za buluu, KARIBU MGENI RASMI.

"Ramadhani," nikasema, "umepaka rangi."

"Mama, barua zangu hamkujibu. Viongozi wa hapa wakaniambia mgeni hawezi kukuta mifupa nje. Ni aibu kwa kata nzima."

Nilitaka kugomba, nikakosa wa kumgombeza. Tunapaka chokaa hata mawe ya barabarani mgeni rasmi akipita. Kwa nini yeye asipake ndege? Nikamwambia alete mashahidi, angalau hao wataniambia hali ya ndani. Uso ukamchangamka. Akaingia nyumbani akatoka na kikapu kipya kimefunikwa kitambaa. Ndani kulikuwa na vipande kumi na viwili, vimepigwa msasa na vanishi, vimepangwa kama vitumbua. Havikuwa na namba hata kimoja. Nikafunga cha kwanza kwenye jiliwa nikakipiga. Ubao ukachanika vizuri mno. Cha pili vivyo hivyo. Cha tatu nikasimama na nyundo mkononi, kwa sababu nilikumbuka msasa wangu mwenyewe na benchi la Fundi Rati.

"Hivi ulivibandika wapi?"

"Ndani, mama. Asubuhi, kwa utulivu. Nilivitengeneza hasa kwa ajili yako, ukija ukute kitu cha heshima."

"Na boriti uliibandika wapi?"

"Boriti ni ndefu, haiingii ndani. Tuliibandika hapa uwanjani."

"Saa ngapi?"

"Mchana. Mwezi wa kumi."

"Na vipande vya siku hiyo?"

Akaona haya kidogo. "Vile vilikuwa vibaya, mama. Vimejaa vumbi. Mke wangu amepikia."

Nilikaa chini kwenye gunia la alizeti. Mgeni anatengewa kilicho bora. Ndivyo alivyolelewa, ndivyo nilivyolelewa. Kuku akichinjwa humpi mgeni shingo. Ramadhani alinitengea mashahidi kama anavyonitengea mnofu, na mashahidi wa kweli wakaivisha maharage. Hasira zilinipanda, na sehemu kubwa ilikuwa juu yangu mwenyewe. Mchana wa Oktoba, kwa upepo ule na jua lile, gundi inafanya ngozi kabla hujakaza vibano. Kwa nje unaona imeshika. Ndani imeshika hewa.

Nilichukua penseli nyekundu nikachora mistari miwili kwenye bawa jeupe, karibu na kiwiliwili, mmoja ukapita katikati ya neno MGENI. "Pakatwe hapa, tuione boriti. Bila hivyo sisaini." Ramadhani akatazama mistari ile kama mtu aliyetiwa alama usoni. Aliniomba, akanibembeleza. Alisema amealika ndugu zake kutoka Kondoa, na miaka minne watu wamemwita kichaa, Jumamosi ilikuwa siku ya kukoma kuitwa kichaa. Ndege ni mali yake, sheria hainipi msumeno. Inanipa kalamu tu. Niliandika kwenye fomu kwamba ndege hairuhusiwi kuruka, nikaondoka bila kunywa chai ya Mwanaidi, jambo ambalo lilimuumiza Ramadhani kuliko fomu.

Mtumba mkurugenzi alinisubiri mlangoni. "Perisi, saini tu. Ataikimbiza chini, hatapaa."

"Ndege ikikimbizwa inapaa, mkurugenzi. Hiyo ndiyo kazi yake."

"Unaharibu shughuli ya watu."

"Mtu atakufa."

"Wewe umebakiza miezi, mama," akasema kwa upole, na upole ule ndio uliniudhi zaidi. "Acha vijana wafanye kazi."

Vijana mkafanya kazi. Ijumaa mwenzenu mmoja alipelekwa Mlali na fomu mpya, akatazama rangi, akagonga bawa kwa vidole, akasaini. Sitamtaja. Baadaye alinifuata akasema, "Mama, ningefanyaje? Walikuwa wamenisimamia kichwani." Ungeomba kipande kibaya ukakivunja. Ndivyo ungefanya. Kumbe na wewe hukuambiwa, na ndiyo sababu naandika.

Jumamosi asubuhi nilipata habari za saini hiyo, nikawasha gari langu bovu nikaenda. Nilikuta maturubai, spika, akina mama wa sare, na mgeni rasmi bado hajafika, kama ilivyo desturi yao. Ramadhani alikuwa amesimama kando ya ndege amevaa suti yake ya harusi, fomu ndani ya mfuko wa nailoni.

"Shikamoo mama. Karatasi ninayo," akasema, akinionyesha kabla sijauliza.

"Marahaba. Najua unayo."

"Umekuja kunizuia?"

"Sina uwezo wa kukuzuia. Nimekuja kukupa maneno niliyokunyima miaka minne iliyopita." Nikamwambia ya Fundi Rati, yote, pamoja na ubavu uliovunjwa gotini na mimi nilivyolia. "Nilikwambia utunze vipande. Nilitakiwa kukwambia unitunzie kibaya kuliko vyote. Nisamehe, baba. Kosa hilo ni langu."

Akageukia jikoni. Spika ilikuwa inapiga nyimbo za kukaribisha, ikabidi aite kwa sauti. "Mwanaidi!" Mkewe akaja, mikono ina viungo vya pilau. "Vile vipande vya uwanjani ulivyotia jikoni, vilikuwaje?"

"Vipi, vilikuwaje?"

"Ulivipasua kwa shoka?"

"Shoka la nini?" akasema Mwanaidi. "Vilikuwa vinaachana vyenyewe mkononi. Nilidhani ndivyo vinavyotakiwa, viwe rahisi kuwashia."

Ramadhani aliitazama ndege yake. Mimi nilimtazama yeye, na nitawaambia ukweli, sikujua angefanya nini. Ndugu zake wa Kondoa walikuwa wamekaa mstari wa mbele, wamevaa kanzu. Alivua koti, akampa Mwanaidi, akaingia karakana akatoka na msumeno. Mwenyekiti wa kijiji akamkimbilia, "Ramadhani, una wazimu? Mgeni yuko njiani!" Hakumjibu. Alikata kwenye mstari wangu mwekundu, katikati ya neno MGENI, kitambaa kwanza kisha plaiwudi, mpaka boriti ikaonekana. Akaingiza patasi kati ya mbao mbili za boriti, hakuipiga nyundo, aliisukuma kwa kiganja. Boriti ikafunguka. Gundi ilikuwa inang'aa ndani, kavu, haijagusa upande wa pili.

Yule wa spika akazima muziki. Ramadhani akaingiza vidole vyake ndani ya ufa ule, akavitoa, akavitazama. "Ningekuwa juu sasa hivi," akasema. Mwanaidi akakaa chini pale pale mchangani na koti la harusi mapajani.

Mgeni rasmi alifika akakuta ndege yenye bawa lililokatwa. Akasoma hotuba yake hivyo hivyo, yote, kuhusu kuthubutu, akapiga picha upande wa bawa zima, akaondoka. Jumatatu nilipewa barua ya kujieleza kwa nini nilikwenda kwenye tukio bila ruhusa na kusababisha usumbufu. Nilijieleza kwa mstari mmoja: Mhusika yuko hai. Barua hiyo ipo kwenye faili langu mpaka leo, na nilistaafu nayo. Mliosoma hotuba ya kuniaga mliiruka.

Wiki iliyopita nimeletewa kifurushi nyumbani. Ndani kuna kipande cha ubao, kichafu, gundi imechuruzika pembeni kama kamasi za mtoto, kimeandikwa namba arobaini na moja, na kikaratasi: "Shikamoo mama. Boriti mpya. Nimevunja ukuta wa chumba ili iingie ndani, tumebandika alfajiri. Vipande viko arobaini na nane, vyote vina namba. Hiki ndicho kibaya kuliko vyote."

Nilikifunga kwenye jiliwa la Fundi Rati nikakipiga. Nikakipiga tena, na tena, mpaka mkono ukafa ganzi. Mwishowe kilichochanika ni ubao. Gundi yenyewe sikuiona. Nikampigia simu.

"Kimekataa," nikamwambia.

"Alhamdulillah."

"Mwalimu wangu, kikikataa alikuwa anapanda."

Akacheka mpaka simu ikakoroma. "Mama, ndege ina kiti kimoja. Wewe ndiye uliyenikatalia."

Saini yangu sasa haifungui hata geti la ofisi yenu. Kwa hiyo nimekifunga kipande hicho, pande zote mbili zilizochanika, nikakiacha mapokezi kwa jina la yule aliyesaini ile Ijumaa. Barua mpya ya Ramadhani ya kuomba ukaguzi mnayo. Alinitumia nakala yenye mhuri wenu. Hajafunika kitambaa, hajapaka rangi, hana mgeni rasmi. Bawa liko wazi na vipande arobaini na saba vinaning'inia msumarini vinasubiri nyundo. Gari mnalo. Nendeni, na Mwanaidi akileta chai mnywe, ila kwanza mwambieni mumewe awaonyeshe kibaya.